Barua Zako Hazikupotea, Ziko Kwenye Taka



Wiki hii siandiki juu ya mbolea wala dawa. Naandika juu ya barua pepe, na najua wengine mmeshaanza kushuka chini haraka mkitafuta bei za nyanya. Vumilieni kidogo. Jambo hili limeshamla mtu nyanya zake, na mtu mwenyewe ni mmoja wenu.

Miaka mitatu iliyopita nilianza kutuma barua ya kila Jumanne kwa wakulima: hali ya hewa, magonjwa ya kuangalia, nani anatafuta mzigo gani. Anwani nilizipata wapi? Nilichukua madaftari ya mahudhurio ya semina za miaka minne. Mnaijua ile safu ya "barua pepe" ambayo kila mtu anaijaza kwa sababu tu ipo. Nikakaa jioni mbili nazichapa, zikafika 640. Hakuna hata mmoja niliyemuuliza kama anataka barua yangu. Nilijiambia hii ni elimu ya bure, nani atakataa elimu ya bure?

Mle ndani kulikuwa na watendaji wa vijiji, wauza pembejeo, wanafunzi waliokuja kwa ajili ya chakula cha mchana, na watu wa miradi ambao walishahamia mikoa mingine. Nikawa natuma kwa Gmail yangu ya kawaida, kwa mafungu mawili, maana Gmail ya bure inakubali wapokeaji 500 tu kwa siku. Wiki ya kwanza barua 97 zilirudi. Anwani nyingine ziliandikwa vibaya, nyingine zilishakufa. Sikujali. Nikaendelea kuzitumia hizo hizo wiki zilizofuata, yaani kila Jumanne napanda mbegu ile ile iliyokataa kuota.

Ikafika Februari. Mvua na mawingu mfululizo, baridi, majani hayakauki mpaka saa sita mchana. Nikatuma tahadhari ya bakajani chelewa: angalieni majani ya chini, ukiona madoa kama yamelowa maji na ukungu mweupe upande wa chini wa jani, usisubiri kesho, na ambaye hajaona kitu apige dawa ya kinga leo. Siku tisa baadaye nikapita kwa kijana mmoja mwenye ekari moja ya nyanya zilizokuwa zimeanza kubeba. Shamba lilikuwa kama limepitiwa na moto. Akaniambia, "Kaka, mbona wengine uliwaambia?"

Nikamwambia nilituma. Akatoa simu tukaitafuta pamoja. Kwenye kikasha hakuna kitu. Tukafungua barua taka. Barua zangu zilikuwepo, hakuna hata moja iliyofunguliwa. Kikundi cha WhatsApp alishatoka zamani kwa sababu ya picha za "asubuhi njema", na mimi simlaumu.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba yeye ndiye mmoja kati ya wachache walioniomba. Alinitumia ujumbe mwenyewe: niunganishe kwenye barua zako. Wale 600 hawakuniomba, na ndio waliomfungia njia.

Hapo ndipo penye hoja yangu yote, kwa hiyo nieleze vizuri. Kampuni za barua pepe kama Gmail na Yahoo hazisomi barua yako kama afisa anayepima ubora wa mahindi. Zinaangalia tabia. Barua zako ngapi zinakwenda kwenye anwani zisizokuwepo? Ngapi zinafutwa bila kufunguliwa? Ngapi zinajibiwa? Na kubwa kuliko zote, watu wangapi wanabonyeza kile kitufe cha kuripoti taka? Mtu aliyekuja semina kwa ajili ya posho, akaona barua yangu ya saba kuhusu nyanya, hana ugomvi na mimi. Anabonyeza tu iondoke. Lakini kila kubonyeza kunaandikwa dhidi ya jina langu, si dhidi ya barua ile moja. Jina likishaharibika, barua yangu kwa yule aliyeniomba nayo inabebwa kwenye mkokoteni ule ule wa taka.

Google wametaja namba yenyewe. Wanataka malalamiko yasifike asilimia 0.3 na wanashauri ukae chini ya asilimia 0.1. Asilimia 0.3 ni watu 3 kati ya 1,000. Sasa piga hesabu ya kwako. Ukiwa na orodha ya watu 300, mtu mmoja tu akibonyeza, hiyo ni asilimia 0.33. Mtu mmoja!

Mtasema mimi afisa ugani nilikuwa natoa ushauri, nyinyi mnauza, kwa hiyo ni tofauti. Ni tofauti kweli, kwenu ni mbaya zaidi. Wanunuzi wa rejareja sokoni mnaongea nao kwa simu, sawa. Lakini mnunuzi wa hoteli, wa lodji, wa supamaketi, wa kiwanda, wa kampuni inayopeleka parachichi nje, kazi yake iko kwenye barua pepe. Bei anaitaka kwa maandishi, oda anaitoa kwa maandishi, na bosi wake akimuuliza kwa nini kabadilisha muuzaji, anatafuta maandishi. Ujumbe wa WhatsApp unafukiwa ndani ya dakika kumi. Ndiyo maana vijana wengi mmeanza kutuma orodha ya mazao na bei kila wiki, na nawapongeza.

Kuna kikundi nakifahamu, vijana sita, hoho na brokoli, kitalu nyumba kimoja na ekari kadhaa za wazi. Walikuwa na lodji mbili zinazochukua mzigo kila Alhamisi, mwaka mzima, kwa barua ya Jumatatu yenye bei. Akaja jamaa mjini akawauzia orodha ya anwani 2,000 za "mahoteli na wawekezaji" kwa shilingi 50,000. Wakatuma. Oda waliyopata kutoka kwenye zile 2,000: hakuna. Wiki ya tatu lodji moja ikanyamaza, ya nne na ya pili ikanyamaza. Vijana wakadhani wamenyang'anywa soko, wakaanza kulaumiana nani kaongea vibaya na dereva. Walipopiga simu, afisa manunuzi akawauliza, "Mbona mmeacha kutuma bei? Tulidhani mmefunga." Hoho za wiki mbili ziliuzwa mnadani kwa bei ya kutupa.

Orodha ya kununua ni mbegu ya mfuko usio na lebo. Wanaouza orodha hizo wanaziokota mitandaoni kwa programu, na humo ndani mna anwani zilizoachwa muda mrefu ambazo kampuni za barua pepe huzigeuza kuwa mtego. Mwenye anwani hayupo, hajawahi kukuomba kitu, kwa hiyo ukimwandikia unajitangaza mwenyewe kuwa unatuma hovyo. Tena kuna sheria. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ipo. Anwani ya mtu ni taarifa yake. Hata daftari langu la mahudhurio, watu waliliandika kwa ajili ya semina, si kwa ajili ya barua zangu za Jumanne. Nilikosea, na nisingependa mkosee kwa kunifuata.

Sasa upande wa ufundi. Hapa nitakwenda pole pole, maana ndipo wengi mnapokimbia.

Chukulia barua yako ni pikapu ya mboga inafika kwenye geti la hoteli. Mlinzi anauliza maswali matatu. Kwanza, hili gari limo kwenye karatasi ya magari ambayo shamba lilisema yatakuja? Hiyo karatasi ndiyo SPF: ni orodha unayoiweka kwenye kumbukumbu za domeini yako ikitaja seva gani zinaruhusiwa kutuma kwa jina la shamba. Pili, kreti zina muhuri wa shamba ambao haujavunjwa njiani? Huo muhuri ni DKIM, saini ya kidijitali inayoambatana na kila barua. Fikiria lebo ya TOSCI kwenye pakiti ya mbegu, unaihakiki kabla ya kupanda. Tatu, gari likikosa vyote viwili, mwenye shamba amesema tufanye nini: tumwache apite, tumweke pembeni, au tumrudishe? Hayo maelekezo ndiyo DMARC. Mlinzi anaangalia pia kama jina lililoandikwa ubavuni mwa gari ndilo lililo kwenye karatasi na kwenye muhuri.

Haya si mambo ya hiari tena. Oktoba 2023 Google na Yahoo walitangaza masharti mapya, yakaanza kutumika Februari 2024. Kila anayetuma anatakiwa awe na SPF au DKIM angalau. Anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail awe na vyote, pamoja na DMARC, na barua zake za biashara ziwe na njia ya kujiondoa kwa kubonyeza mara moja. Nasikia mtu anasema, mimi natuma 80 kwa wiki, hayanihusu. Yanakuhusu. Geti ni lile lile na mlinzi ni yule yule, na lodji nyingi zinatumia mifumo ya ofisi iliyo mikali kuliko Gmail ya kawaida.

Kosa ninaloliona sana ni hili: kijana anajiunga na huduma ya kutuma barua nyingi, halafu kwenye sehemu ya mtumaji anaweka anwani yake inayoishia na gmail.com. Umeshafeli hapo. Seva za huduma ile hazimo kwenye karatasi ya magari ya Gmail, na Google hawakuruhusu mtu mwingine atumie jina lao. Nunua domeini ya shamba lako, .co.tz inatosha sana. Ya kwangu nailipia kwa mwaka pesa isiyofika mfuko mmoja wa mbolea wa kilo 50. Huduma ya kutuma itakupa mistari ya kunakili, unaipeleka kwa aliyekuuzia domeini, anaibandika. Ni kazi ya nusu saa. Kisha jitumie barua kwenye Gmail yako, ifungue kwa kompyuta, bonyeza vile vinukta vitatu, uangalie barua asilia. Juu kabisa utaona SPF, DKIM na DMARC, na kila moja inatakiwa iwe imepita.

Lakini niseme wazi, maana kuna mafundi wanazunguka wakiwaambia vijana kwamba ukiweka hizo tatu tatizo limekwisha. Si kweli. Muhuri unathibitisha kwamba mzigo ni wako, hausemi kwamba mzigo unatakiwa. Ukiweka SPF, DKIM na DMARC halafu ukatuma kwa watu 2,000 wasiokuomba, umewasaidia tu kujua kwa uhakika nani wa kumfungia geti. Na kuhama domeini hakusaidii. Domeini mpya haina historia yoyote, inaangaliwa kwa jicho kali zaidi, na kama umehama na orodha ile ile utaichoma nayo ndani ya mwezi. Domeini mpya inaanza na wachache wanaokujua na kukujibu, halafu unaongeza taratibu, kama unavyozoesha miche jua kabla ya kuihamisha.

Mimi nilifanyaje? Nilikata. Niliandika barua moja fupi kwa wote ambao anwani zao zilikuwa bado hai: nilikuingiza bila kukuuliza, naomba radhi, kama unataka kuendelea bonyeza hapa, usipobonyeza nitakuondoa mwenyewe. Waliobonyeza ni 118. Kati ya 640! Usiku ule sikulala vizuri, nakiri. Nikaona kazi ya miaka imeliwa. Kuna ofisi ambako ripoti yenye namba kubwa inasifiwa bila kuulizwa, na mimi nilishaandika 640 kwenye ripoti yangu ya robo mwaka.

Lakini ndani ya wiki kama sita barua zikaanza kuonekana kwenye vikasha tena. Majibu yakaanza kuja, kitu ambacho zamani kilikuwa hakipo. Mtu anauliza kuhusu kantangaze, mwingine anatuma picha ya jani. Na majibu ni dawa kubwa kuliko ufundi wote niliotaja, kwa sababu mtu akikujibu, mfumo wake unajua ninyi mnafahamiana. Yule kijana wa nyanya yumo kwenye wale 118. Kila Jumanne ananijibu neno moja tu: "Imefika."

Najua pingamizi lenu. "Kati ya hao 500 uliowafuta, si wangeweza kuja kununua siku moja?" Huenda. Mtu asiyefungua barua zako miezi sita, wakati wewe una hoho zinazoiva Alhamisi, si mteja wa Alhamisi hiyo. Mpigie simu ukipenda, simu haiharibu jina la domeini yako. Kwenye orodha usimbakize. Mimi sasa kila baada ya miezi mitatu nawauliza walionyamaza, na asiyejibu anatoka. Anwani iliyorudi kwa sababu haipo, inatoka siku hiyo hiyo.

Kumwingiza mtu mpya nako kuna namna yake. Akijiandikisha, mpelekee barua moja ya kuthibitisha, abonyeze, ndipo umweke. Inaonekana ni usumbufu, ila inakulinda na anwani zilizokosewa herufi na wanaoandikisha wenzao kwa utani. Kwa mnunuzi wa hoteli mimi nashauri uongeze na simu: "Mkuu, nimekutumia bei leo asubuhi, umeiona? Kama haipo angalia kwenye barua taka, bonyeza kwamba si taka, na uhifadhi anwani yetu." Dakika mbili hizo zina thamani kuliko wiki nzima ya kuhangaika na rangi za barua.

Na kujiondoa kuwe rahisi, kitufe kionekane. Usimlazimishe mtu akuandikie kukuomba aachwe. Akikosa mlango wa kutokea atabonyeza ripoti taka, na hiyo ndiyo inayokuumiza. Wa kwanza kujiondoa kwangu alikuwa afisa ugani mwenzangu wa kata jirani. Bado tunakunywa chai pamoja.

Kuna tatizo moja ambalo ni letu sisi wa kilimo hasa, wenye maduka ya nguo hawalijui. Ni msimu. Mkulima anavuna miezi mitatu, anatuma barua kila siku, "HARAKA!!! BEI YA KUTUPA!!!", kisha anakaa kimya miezi minane. Akirudi, mnunuzi ameshamsahau. Anaona jina geni, anabonyeza taka. Na mifumo nayo inashtuka ikiona domeini iliyolala ghafla inamwaga barua mia tatu kwa asubuhi moja. Tumeni hata wakati shamba halina kitu, mara moja kwa mwezi, mistari mitano inatosha: tumehamisha miche ya hoho wiki hii, tunatarajia kuanza kuchuma baada ya miezi miwili na nusu hadi mitatu, tutakuwa na nyekundu na njano. Mnunuzi wa hoteli anaipenda barua hiyo kuliko ya bei, kwa sababu inamsaidia kupanga. Wengine wanatoa ahadi ya oda papo hapo, mche ukiwa bado una majani manne.

Kuhusu muonekano sitasema mengi. Msitume bango moja kubwa la picha lisilo na maneno, bei ziandikwe kama maneno ya kawaida. Viungo vilivyofupishwa muviache. Barua ikizidi kilobaiti 102 Gmail wanaikata mwisho, na mwisho ndiko mnakoweka kitufe cha kujiondoa. Ikiingia kwenye kile kichupo cha Matangazo msihangaike, huko si jalalani, na wanunuzi wanapita huko.

Wala msidanganywe na asilimia ya waliofungua. Tangu 2021 simu za Apple zinaweza kupakia picha za barua zenyewe hata mwenye simu hajaigusa, kwa hiyo mfumo unakwambia imefunguliwa wakati mtu yuko usingizini. Hesabuni majibu na oda. Kikundi cha hoho sasa wana anwani 41 tu, wamezipata moja moja kwa kupiga simu na kuuliza. Lodji moja imerudi. Nyingine ilishapata mtu.

Jumatano nitakuwa ofisini kuanzia saa nne. Anayetaka tupime barua yake pamoja aje na kompyuta kama anayo, bando, na nywila ya mahali aliponunulia domeini. Hiyo nywila wengi mmeisahau, itafuteni kabla hamjapanda bodaboda.